Kwako au Kwangu? Maisha ya Sayyida Salme wa Unguja (1844–1924)

Kwa wazee wetu wa Ukambani, swali la mahali ambapo mume na mke wataishi halikuwa swali. Bi harusi aliaga kwao, akaenda kwa mumewe, na nyumba yake ikajengwa katika boma la wakwe zake. Awe ametoka Mbooni kuja Nzaui, au ametoka Kitui kuvuka mto Athi, safari ilikuwa ya upande mmoja, na hakuna aliyekaa kikao kuijadili. Leo hapa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, mambo yamebadilika. Vijana wetu husoma na kufanya kazi ng'ambo, wengine hupata wachumba huko, na jioni moja simu hupigwa nyumbani ikiwa na swali ambalo wazazi hawakulizoea: tuishi kwetu au kwao?

Makala haya hayakusudii kulijibu swali hilo kwa niaba ya yeyote. Yanakusudia kusimulia maisha ya mwanamke mmoja aliyelibeba kwa zaidi ya nusu karne, ambaye habari zake zinatugusa sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu itakayoonekana baadaye. Naye ni Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete.

Huenda msomaji akajiuliza Unguja inahusiana vipi na vilima vyetu vikavu. Jibu limo katika pembe za ndovu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka pwani ikiwa imebeba pembe, na Mombasa ilikuwa chini ya mamlaka ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, tangu mwaka 1837. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Kitui kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi mwaka 1849, alikuwa ameingia nchi hizi mwaka 1844 kwa idhini ya Sayyid Said huyo huyo. Mwaka huo huo wa 1844, mnamo tarehe 30 Agosti, katika jumba la Mtoni kaskazini mwa mji wa Unguja, Sayyid Said alipata binti, akaitwa Salme.

Mama yake Salme, Jilfidan, hakuwa Mwarabu wala Mswahili. Alikuwa Mcherkasi kutoka milima ya Kaukasi, aliyenyakuliwa utotoni wakati wa vita, akauzwa na kufikishwa katika nyumba ya Sayyid Said angali mtoto mdogo. Baadaye akawa suria wa mtawala. Kwa hiyo hata kabla Salme hajazaliwa, nyumba yao ilikuwa na mwanamke aliyeishi katika nchi ya mumewe bila ya kuulizwa. Jilfidan hakuwa na pa kurudi, akaifanya Unguja kuwa kwao.

Wala hakuwa peke yake. Jumba la Mtoni lilijaa watu wa asili mbalimbali: Waarabu, Wahabeshi, Wacherkasi, Waswahili na watu wa bara. Kiarabu kilikuwa lugha rasmi ya jumbani, lakini watoto walikua wakisikia lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Sayyid Said alipata pia kuoa binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Bibi huyo alizoea kupanda farasi na kuwinda, na maisha ya Unguja hayakumkalia. Ndoa ikavunjika, naye akarudi kwao. Tofauti kati ya wanawake hawa wawili haikuwa ya tabia peke yake. Yule wa Uajemi alikuwa na baba na nchi nyuma yake, ilhali Jilfidan hakuwa na kitu. Anayeweza kurudi ni yule aliyeachiwa mlango wazi, na jambo hili tulishike, maana litajirudia katika maisha ya Salme.

Salme alikuwa mtoto mwenye akili na ukaidi. Katika zama hizo wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuonekana kuwafaa. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao. Ujuzi huo ulimletea sifa, kisha ukamletea balaa. Baba yake alifariki mwaka 1856 akiwa baharini kutoka Oman, na mama yake akafuata mwaka 1859. Katika mwaka huo wa 1859, Barghash, mmoja wa ndugu zake, alijaribu kumpindua Sayyid Majid aliyekuwa ametawazwa Unguja. Salme, akiwa binti wa miaka kumi na mitano tu, akawa mwandishi wa barua za waasi. Uasi ulishindwa. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, naye Salme akabaki Unguja akitazamwa kwa jicho la shaka na pande zote mbili. Waliokuwa na Majid hawakusahau kosa lake, na alipopatana na Majid, waliokuwa na Barghash walimwona msaliti.

Akiwa katika upweke huo alihamia nyumba ya mjini, karibu na nyumba ya kijana wa Kijerumani aliyeitwa Rudolph Heinrich Ruete. Ruete alizaliwa Hamburg mwaka 1839, na alikuwa mjini Unguja kwa biashara, akihudumia kampuni ya Hansing iliyonunua mazao ya nchi hizi. Nyumba zilipakana, na madari ya Unguja hayana siri. Ujirani ukawa urafiki, urafiki ukawa mapenzi.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio. Salme hakujua Kijerumani. Lugha iliyowaunganisha yeye na Ruete ilikuwa Kiswahili. Hakikuwa lugha ya mama ya Ruete, wala hakikuwa lugha ya heshima katika ukoo wa Salme, lakini ndicho kilichowatosha wote wawili. Tunapokisifu Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana, mara nyingi tunafikiria masoko, bandari na mabaraza ya siasa. Tukumbuke kwamba kimewahi pia kuwa lugha ya nyumba moja tu, ya watu wawili tu, katika mji wa baridi uliokuwa mbali na pwani yetu.

Mwaka 1866 Salme alitambua kwamba ana mimba. Tangu hapo suala la wapi wataishi halikuwa tena suala la kuchagua. Sheria ya Kiislamu haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu, na huyu alikuwa dada wa sultani aliyepata mimba nje ya ndoa. Hata kama Ruete angesilimu, bado lingebaki suala la nasaba na heshima ya ukoo unaotawala. Kukaa Unguja kulikuwa kuhatarisha uhai. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866 Salme aliondoka kwa siri katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akashushwa Aden. Ruete alibaki nyuma akimalizia shughuli zake za biashara.

Salme aliishi Aden kwa miezi kadhaa akimsubiri. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba 1866. Tarehe 30 Mei 1867, baada ya Ruete kuwasili, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na wawili hao wakafunga ndoa siku hiyo hiyo. Wakaanza safari ya kwenda Ulaya. Kabla ya kufika Ujerumani, mtoto wao akafariki njiani.

Tukiitazama ndoa hii kwa macho ya leo tutaona kwamba mizani yake haikuwa sawa tangu mwanzo. Ruete alirudi kwao, kwa wazazi wake, lugha yake na dini yake. Salme aliacha dini, jina, mavazi, ndugu na sehemu kubwa ya mali. Baada ya kutoka katika Uislamu, hakuweza tena kurithi kutoka kwa ndugu zake Waislamu waliofariki. Sio kwamba Ruete alikuwa mume mbaya, la hasha. Kwa kila tunachokijua alimpenda mkewe na kumtunza. Hata hivyo, mapenzi yake hayakuweza kuigawa gharama ile sawasawa, kwa kuwa haikutoka mfukoni mwake. Ilitozwa na sheria na desturi za nchi mbili kwa pamoja.

Wakaishi Uhlenhorst, karibu na ziwa la Alster, katika mji wa Hamburg. Salme alijifunza kuvaa, kula na kupokea wageni Kijerumani. Watu walimtazama kama kioja. Baridi ilimsumbua, na nyumba zilizofungwa milango na madirisha zilimlemea mtu aliyezoea baraza na upepo wa bahari. Hata hivyo, watoto walizaliwa mmoja baada ya mwingine: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Mumewe aliporudi jioni walizungumza Kiswahili, na kwa saa chache Unguja ikarejea nyumbani mle.

Mwezi Agosti 1870 Ruete alianguka alipokuwa akishuka kutoka katika tramu ya farasi. Majeraha yakamuua baada ya siku chache. Ndoa ya Hamburg ilikuwa imedumu miaka mitatu tu. Salme alikuwa na umri wa karibu miaka ishirini na sita, ana watoto watatu, mdogo akiwa na miezi minne, na hakuna tena mtu nyumbani wa kusema naye Kiswahili.

Mauti hayo yalilifungua upya swali lililodhaniwa limekwisha. Alikuja Ujerumani kwa sababu ya mume, na sasa mume hayupo. Je, arudi? Sheria ya Hamburg ya wakati huo haikumpa mjane mamlaka kamili juu ya watoto wake wala mali yao. Waliteuliwa wasimamizi wanaume. Mali yenyewe ikapungua haraka. Watoto walikuwa wamebatizwa, ni Wajerumani kwa sheria na kwa lugha. Kurudi nao Unguja kulikuwa kuwatia katika hali ile ile aliyoikimbia, na kurudi bila wao hakukufikirika. Zaidi ya hayo, Majid, ndugu aliyekuwa mpole kwake, naye alifariki mwaka huo huo wa 1870, na aliyeshika kiti ni Barghash, yule yule ambaye Salme alimwandikia barua za uasi. Barghash hakumsamehe kupatana kwake na Majid, wala kuiacha dini.

Akabaki, lakini si kwa sababu alichagua kubaki. Alihama kutoka mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali pa gharama nafuu, na akawa anafundisha Kiarabu ili apate riziki. Binti wa mtawala, aliyekatazwa kujifunza kuandika, sasa aliishi kwa kalamu ile ile aliyoiiba utotoni.

Mwaka 1875 Barghash alifanya ziara London. Salme alikwenda huko akitumaini kumwona ndugu yake na kupatana naye. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na mambo yake na Barghash, haikupenda mkutano huo. Sir Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa Unguja mwaka 1873 kuhusu mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, alimshawishi aache, kwa ahadi kwamba watoto wake wangesaidiwa. Salme aliwafikiria watoto, akaacha. Ahadi haikutimizwa.

Miaka kumi baadaye, zamu ikawa ya Wajerumani. Mwaka 1885 Ujerumani ilikuwa ikidai maeneo ya bara ya Afrika Mashariki, na Bismarck akaona faida ya kuwa na dada wa sultani ambaye ni raia wa Kijerumani. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash, na Salme akafikishwa Unguja pamoja na watoto wake, baada ya miaka kumi na tisa. Watu wa mjini walimkusanyikia njiani na kumsalimu. Ndugu yake alikataa kumwona. Wakubwa walipomaliza kupatana juu ya mipaka na biashara, madai yake ya urithi yaliachwa. Alikuwa karata iliyochezwa, na karata ikishachezwa hairudishwi mkononi. Barghash alipofariki mwaka 1888 Salme alijaribu tena, wakati wa Sayyid Khalifa bin Said, akashindwa tena.

Katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1886, kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin kwa Kijerumani. Ni kati ya vitabu vya mwanzo vya tawasifu kuandikwa na mwanamke kutoka nchi zetu, na vizazi vya wasomi wamekichota humo habari za maisha ya ndani ya majumba ya Unguja. Lakini heshima isitupofushe. Katika kitabu hicho Salme aliutetea utumwa wa Unguja na kuwabeza Waafrika waliolima mashamba ya ukoo wake. Msomaji wa bara, ambaye watu wake walipita au walipitishwa katika njia za misafara, ana haki ya kukisoma kwa jicho kali. Mwanamke huyu aliyelilia kunyimwa kwao hakuwaona waliolima karafuu zake, ambao nao walinyimwa kwao. Kuwa mhanga wa dhuluma moja hakumfanyi mtu aione nyingine.

Baada ya mwaka 1888 hakurudi Ujerumani kukaa. Alichagua nchi ya tatu, isiyokuwa yake wala ya mumewe: kwanza Jaffa, kisha Beirut, alikoishi hadi mwaka 1914. Huko aliweza tena kusikia Kiarabu barabarani na kuona bahari yenye jua. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mara ya kwanza alipochagua mwenyewe pa kuishi, hakuchagua kwake wala kwa mume, bali mahali ambapo hakuna aliyemdai awe mtu fulani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikuwa Ujerumani tena, akiishi na familia ya binti yake Rosalie.

Watoto nao walitawanyika. Antonie aliolewa na ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, akaishi naye katika visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki. Rudolph aliliunganisha jina la babu yake na la baba yake akajiita Said-Ruete, akaandika kitabu juu ya Sayyid Said, na mwishowe akawa raia wa Uingereza. Swali ambalo wazazi wao hawakulimaliza liliingia katika majina ya watoto.

Mwaka 1923, wakati wa Sayyid Khalifa bin Harub, hatimaye Salme alipewa malipo madogo ya uzeeni kutoka Unguja. Hakuyafaidi kwa muda mrefu. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Majivu yake yalizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mumewe. Katika vitu alivyoacha kulikuwa na kifuko cha mchanga wa Unguja, nacho kikazikwa pamoja naye. Leo katika jumba la makumbusho la masultani mjini Unguja kuna chumba kilichotengwa kwa kumbukumbu yake.

Basi tunajifunza nini, sisi tulio Wote? Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa, na wapo watakaoyasoma maisha haya kama ushahidi wa methali hiyo. Mwandishi haoni hivyo. Salme hakuiacha asili yake. Aliibeba hadi kaburini. Kilichomtesa si kuondoka, bali kufungiwa mlango nyuma yake. Wapendanao wengi hujadili hali ya hewa, kazi na mshahara, wakasahau swali zito kuliko yote: mmoja wetu akitangulia, au tukiachana, huyu atakayebaki atakuwa na haki gani, na kwa sheria ya nani?

Sheria zetu wenyewe hazikuwa na usafi wa kujivunia. Katiba ya uhuru ilimruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya kuomba uraia, lakini haikumpa haki hiyo mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti wa Kenya. Binti wa Makueni aliyeolewa na mgeni aliambiwa, bila ya kuambiwa, amfuate mumewe. Ni Katiba ya mwaka 2010 iliyowaweka sawa: mume au mke wa kigeni aweza kuomba kuandikishwa baada ya miaka saba ya ndoa, uraia haupotei kwa kuoa au kuolewa wala kwa talaka, na Mkenya wa kuzaliwa aweza kuwa na uraia wa nchi nyingine bila ya kuupoteza wake. Hayo ni maneno makavu ya sheria, lakini kwa mtu kama Salme yangekuwa na thamani kuliko manowari zote za Bismarck.

Kwa hiyo kijana wetu atakapopiga simu kutoka ng'ambo na kuuliza aishi wapi, tusimharakishe kusema njoo, wala tusimwambie umepotea. Tumwulize kwanza kama mlango wa nyuma umeachwa wazi, kwake na kwa mwenzake. Kisha tumwulize watoto watasema lugha gani nyumbani. Salme alikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye Kiswahili katika mji mzima wa Hamburg, na alipofariki mtu huyo, mwenzake aliishi miaka hamsini na mitatu zaidi.